Mzee Kidole na Ndege Asiye Tombo

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi wafanyakazi wenzake mliokuja na basi la uwanja wa ndege, mimi ni kifungua mimba wa marehemu, na familia imenituma nisome maisha yake, ila karatasi aliyoandika baba mdogo nimeiacha nyumbani, kwa sababu humo baba yetu alikuwa mtu ambaye sikuwahi kuishi naye.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha mbao, akiwa wa kwanza kati ya watoto watatu, akifuatiwa na shangazi na baba mdogo, ambao wote wapo hapa na wamekaa vizuri kivulini. Alisoma shule ya msingi kuanzia 1965 hadi 1971, akaendelea na sekondari hadi 1975, akafaulu biolojia na kufeli karibu kila kitu kingine, jambo ambalo hakulificha, bali alilitumia kutukalia kooni kila tulipoleta ripoti zetu.

Tarehe 2 Februari 1981 aliajiriwa uwanja wa ndege kufukuza ndege wasigongwe na ndege, na kichekesho hicho mmekirudia mno, kwa hiyo leo naomba msicheke. Kazi yake ilikuwa kutembea kwenye nyasi pembeni mwa njia ya kurukia akiwa na filimbi na bastola ya fataki, kuandika ni ndege gani kaonekana wapi, na kuwaambia wakubwa nyasi zikatwe kwa urefu gani, nao wakubwa walimsikiliza walipojisikia.

Alifunga ndoa tarehe 14 Desemba 1985, na wakajaliwa watoto watatu, mimi mwaka 1987, mdogo wangu wa kiume 1990, na kitinda mimba 1994. Mwezi Juni mwaka huohuo wa 1994 mama alifunga sanduku la bati akaondoka kwenda kwa mtu mwingine, kitinda mimba akiwa bado ananyonya, na tangu siku hiyo hakukanyaga mlango wetu, hadi juzi, alipofika na kanga nyeusi akaketi kiti cha mbele, pale alipo sasa.

Baba alibaki na sisi, akaosha nepi, akapika, akatusuka nywele vibaya sana, na shangazi akapita nyumba hadi nyumba akisema kaka yake amekaliwa hata na mwanamke aliyeshaondoka, naye baba mdogo akaanza kumwita Mama Watoto mbele yetu, na sikumbuki hata mmoja wao kushika nepi.

Mwaka 1996 trekta la kukata nyasi lilimuua ndege mdogo wa kahawia akiwa ameatamia, na baba akamleta nyumbani ndani ya gazeti, akamlaza kwenye meza tunayolia chakula, akamgeuza miguu. Kwa miaka kumi na mitano alikuwa amewaandika ndege wale kuwa ni tombo, maana wanafanana na tombo, hujificha nyasi za magotini kama tombo, na ukiwakanyagia karibu huruka kidogo tu na kuangukia nyasini tena, lakini tombo ana kidole kidogo nyuma ya mguu, na huyu alikuwa na vitatu vya mbele, nyuma hakuna kitu. Alikuwa amekosea, na aliwatangazia wote kwamba amekosea, akawa anamshika kila mtu aangalie mguu, ndipo mkampa jina la Mzee Kidole.

Baada ya hapo siku zake za mapumziko alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa, pembezoni mwa nyasi, akiwachunguza, na jioni alitusimulia kwamba kwa ndege hawa jike ndiye mkubwa, ndiye mwenye rangi, ndiye anayeita kwa sauti nzito kama mtu anayeguna ndani ya mtungi, akishataga huenda kumwita dume mwingine, na dume hubaki kwenye kiota cha chini, kilichofunikwa kwa nyasi zilizopindwa, akaatamia na kulea. Alimaliza kwa kusema, "Wala halaumiwi, ndivyo alivyoumbwa," na sote mezani tulijua hazungumzii ndege, nami nikiwa na miaka tisa nikamjibu, "Mama si ndege." Aliniongeza chakula.

Marehemu alistaafu mwaka 2017, akaanza kusumbuliwa na mapafu mwaka 2021, akalazwa hospitali kuu mwezi Julai mwaka 2023, na tarehe 9 Agosti, saa kumi na moja alfajiri, akafariki, akiwa na miaka sitini na sita. Wiki ya mwisho aliniomba jambo moja, kwamba siku ya leo nisome kuwa ameacha mke, nikakataa, akaniomba tena, nikatoka nje ya wodi, niliporudi akanishika kidole badala ya mkono, hakuachia. Ameacha watoto watatu, wajukuu watano, na mke. Nimesoma.

Tunawashukuru madaktari, hasa muuguzi aliyekisogeza kitanda chake dirishani, majirani kwa viti na maji, na kwa maneno yenu ya uani ambayo tuliyasikia yote, na wafanyakazi wenzake kwa shada lile kubwa, ambalo utepe wake umeandikwa "Rafiki wa Tombo", baada ya miaka ishirini na saba ya kuwaambia si tombo. Naomba utepe huo utolewe kabla hatujamfukia.

Baba, wote tumeshaanguliwa, unaweza kuinuka kwenye kiota. Mama si ndege, na kwa hilo sijabadilika, ila wewe pumzika.