Vifaranga Tisa Kwenye Tenga

Mjinga wa siku ile nilikuwa mimi. Mwaka tisini na saba, juu ya magunia ya korosho ndani ya lori kutoka Ruangwa, nilisikia tenga la mama mmoja likilia, nikamtania, "Mama, mchuzi wako una kelele." Hakucheka.

Mzee Felisian, aliyekuwa amejitambulisha kwa kila aliyepanda, akachungulia. "Vifaranga tisa! Mama yao yuko wapi?"

"Tulimchinja juzi," akajibu yule mama. "Wakwe walifika ghafla, na mkwe humpi kisamvu. Jogoo alikimbilia shambani. Huyu hakukimbia, alikuwa na watoto. Mimi ndiye niliyemshika miguu, baba. Tangu siku hiyo wanalia. Nawapeleka Nachingwea kwa dada, ana kuku aliyeangua wiki hii."

"Unapoteza nauli," mzee akasema. "Kuku anawajua wa kwake. Hawa atawadonoa. Wagawe hapa hapa."

Mimi nikawa nimeshanyoosha mkono nipewe wawili.

Lori likasimama sokoni Nachingwea. Mama akajitwisha tenga lake. "Mimi nimelelewa na mama wa kambo, baba. Nilidonolewa, na nikakua."