Hodi Tatu

Basi la kutoka Tunduru lilikuwa linaikaribia Songea, na mwalimu wa kemia aliyekaa mbele yangu alikuwa bado anamfundisha jirani yake, mzee mmoja mnunuzi wa vito. "Kaboni, haidrojeni, oksijeni, vyote viko huko kwenye nyota, mzee wangu. Ni vilevile vilivyomo mwilini mwako. Kiumbe hai huko hakosekani."

"Mmeshapiga hodi?"

"Wataalamu wanatuma ishara na kusikiliza miaka mingi sasa. Kimya."

"Basi waondoke. Hodi ni tatu, usipoitikiwa unarudi ulikotoka."

Mwalimu alicheka peke yake. Mimi nilifumba macho kama niliyelala, maana ndivyo mtu anavyosikia vizuri. "Lakini kila kinachohitajika kipo!" mwalimu alisema.

"Hata kwangu kipo, mwanangu. Mafiga yapo, chumvi ipo, mtungi umejaa. Tangu tumzike mke wangu Zuhura, haitikii mtu."

Tuliingia stendi, mwalimu akamgeukia. "Pole sana, mzee. Kwa hiyo siku hizi hupigi hodi?"

Mzee alikwishasimama, kikapu mkononi. "Napiga zote tatu," alisema, "na ufunguo ninao mfukoni."