Tapeti Nilizozibana kwa Sikio

Wazee wangu, shikamooni. Madereva wenzangu wa Sumbawanga na Kalambo, nawasalimu. Nimeombwa niseme yaliyonipata, kwa hiyo mnivumilie.

Mimi ni bodaboda wa Namanyere. Nashusha abiria Kirando, ziwani, halafu napandisha wengine. Ile njia ya kupanda mnaijua: gia ya chini, resi mpaka mwisho, injini inalia mlima mzima.

Mwaka jana pikipiki yangu ilianza kugonga kwa juu, ta-ta-ta-ta. Kijiweni kwetu hilo lilikuwa jambo la aibu. Tuliamini dereva msafi injini yake haisikiki. Wakaanza: "Kaka, umekuja na pikipiki au cherehani?" Mwingine akaniletea suruali yake nimshonee. Mnacheka, na mimi nilicheka. Lakini iliniuma.

Basi nikashika spana. Nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka kupanda mlima, injini ya moto. Nikafungua kifuniko, nikabana tapeti kidogo kidogo huku nasikiliza, mpaka kimya. Nilijisikia fundi kweli kweli.

Kwa wasiowahi kufungua injini, niwaeleze taratibu, siyo ngumu. Valvu ni mlango wa injini. Hufunguka na kujifunga mara nyingi mno kwa dakika, na ukivuta resi ndiyo zaidi. Tapeti ndiyo inayousukuma mlango huo. Kati yao lazima pabaki mwanya mwembamba kama karatasi, kwa sababu chuma kikipata moto hurefuka. Ukiuziba, mlango haufungi vizuri, na moto unapita pembeni unaula. Mimi niliuziba kwa sikio.

Baada ya wiki chache mwenzangu wa kijiweni, rafiki yangu wa miaka, akaazima pikipiki yangu aende Kipili ukweni. Iliporudi ilikuwa nzito, haina nguvu. Nikamvaa mbele ya watu: "Umeiua kwa resi!" Alipofungua mdomo, nikamkatisha. Kijiwe kikaniamini. Wakamtoa kwenye foleni, akawa anatafuta abiria huko Kirando peke yake.

Ndugu zangu, nawaambia, mimi nilikula chakula changu na kulala vizuri.

Asubuhi moja kule Kirando nikapakia mama mtu mzima. Kifua kimembana, tunakimbilia hospitali Namanyere. Katikati ya mlima kitu kikalia ndani ya injini, kaa! Ikazima. Pikipiki ikaanza kurudi nyuma. Nilikanyaga breki mpaka ikasimama. Mama akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mwanangu, tumefika?"

Nilimkalisha kwenye jiwe, nikabaki nimesimama tu, kama mtu aliyepigwa.

Pikipiki ya kwanza kupanda ilikuwa ya yule niliyemfukuzisha. Hakuzima hata injini. "Mama, panda huku. Nishike vizuri." Mimi hakunitazama. Wakaondoka. Mama alifika, akatibiwa, na juzi nimemwona anauza dagaa.

Nilipopata gari la kunivuta, nikaenda kwa fundi mzee. Akafungua kichwa cha injini, akaniita. Valvu ya kutolea moshi ilikuwa imeliwa ukingo kama mkate ulioingiwa na panya. Kipande kilikuwa kimekatika na kutoboa pistoni.

"Nani alibana tapeti hizi?"

"Mimi, baba."

"Ulipimia nini?"

"Sikio."

"Sikio!" Akaweka spana chini. "Na injini ilikuwa ya baridi, kama inavyotakiwa?"

Nilitazama mikono yangu kana kwamba ni ya mtu mwingine. Hakuna aliyeiua pikipiki hii ila mimi, na hakuna aliyemtupa rafiki yangu ila mimi.

Kesho yake nilimwomba aje kijiweni, nikasema yote mbele ya wale wale walioniamini. Rafiki yangu akasema, "Kaka, siku ile ya Kipili nilirudi na baba mkwe. Nilitaka kukuambia, ukanikatisha. Wewe ungepiga resi na baba mkwe mgongoni?"

Kijiwe kizima kiliangua kicheko. Mimi nililia.

Namshukuru fundi yule, hakunitukana, alinifundisha. Nakishukuru kijiwe kwa kumrudisha kwenye foleni, tena mbele yangu. Namshukuru zaidi aliyempokea mama kwenye jiwe. Amekaa pale nyuma, anainama, mwacheni.

Kesho alfajiri, kabla injini hazijapata moto na baridi yetu hii ya Ufipa bado ipo, leteni pikipiki hapa. Tutapima mwanya kwa kipimo cha bati, mimi na yeye. Msione aibu. Mlio mdogo ni uzima. Tena jueni: hata usipogusa tapeti, resi za mlima zinaigongesha valvu mpaka inazama ndani zaidi pale inapokaa, na mwanya unajiziba polepole.

Kwa hiyo, kama yako inalia cherehani, njoo umeipanda. Kama ilikuwa inalia na sasa imenyamaza bila kuguswa, usiiwashe. Isukume. Tutakungoja.