Dume Ambalo Mama Bernadette Hakuliuza

"Dume lisimalize mwaka wa tatu nyumbani." Hiyo ndiyo kanuni ambayo marehemu Bernadette Mave aliwafundisha wafugaji wa Bunia kwa miaka sita. Sababu alizitaja bila kuchoka: dume likikaa sana litapanda binti zake, kizazi kitadhoofika na maziwa yatapungua, tena dume lililokomaa halina rafiki.

Marehemu alizaliwa Djugu tarehe 14 Agosti 1961, mtoto wa kwanza wa mfugaji aliyekuwa na ng'ombe zaidi ya sitini. Alisoma shule ya msingi hukohuko, kisha sekondari ya ualimu hapa Bunia, akapata diploma ya serikali mwaka 1981. Alifundisha darasa la tano hadi vita vilipofunga shule.

Tarehe 27 Julai 1985 alifunga ndoa na Mathieu, fundi mwashi aliyetoka Butembo. Mungu aliwapa watoto watatu.

Mwaka 2003 baba yake aliuawa na zizi likatekwa. Katika ng'ombe wote aliokoka mtamba mmoja tu, ambaye Bernadette alitembea naye kwa miguu hadi kwenye usalama. Amani hii tunayoishi, ambayo hakuna anayeilalia usingizi mzito, ilipoanza, alijenga zizi nyuma ya nyumba, kwa kuwa malisho ya mbali yalikuwa bado na hatari. Ng'ombe wake saba, wa uzao wa yule mtamba na wa kununua, walitoa lita kumi na moja kwa siku. Akauza watatu. Wanne waliobaki aliwapandia matete, akawawekea maji mchana na usiku, akawakamua kwa saa zilezile, na kila mwenye mimba akaacha kumkamua miezi miwili kabla ya kuzaa. Majirani walimcheka. Baada ya mwaka mmoja wale wanne walitoa lita kumi na tisa, na waliocheka wakaja kujifunza.

Muzee Jean-Pierre, jirani yake, alikataa kuuza dume lake. Bernadette akamuuliza mbele ya mkutano: "Muzee, weye unakamuaka dume ao ngombe muke?" Watu walicheka hadi machozi, na muzee akaliuza juma lile.

Mnamo Januari 2011 ng'ombe wa mwisho wa uzao wa yule mtamba alizaa ndama dume, akafa siku ya tatu. Bernadette alimlea ndama kwa chupa. Ndama aliyelelewa hivyo hukua bila kumwogopa mtu, na hilo pia alikuwa akilifundisha. Januari mwaka huu dume lilitimiza miaka mitatu. Mnunuzi alikuja, akarudishwa. Muzee Jean-Pierre akapata siku yake: "Mwalimu, na hii yako? Inatoa litre ngapi?"

Bernadette hakucheka. "Hii si dume, muzee. Hii ni ya baba."

Mume wake alimsihi mara mbili. "Mama Nicolas, kanuni ni yako mwenyewe."

"Najua, Papa Nicolas. Uniachie hata mwaka moja."

Hakuugua. Jumapili, tarehe 9 Machi 2014, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, alikuwa amekwisha kuvaa nguo za misa. Alimwambia Mathieu: "Ngojea kidogo, namupa maji, tunaenda." Mathieu alisikia ndoo ikianguka. Alipofika, dume lilikuwa limembana mkewe kwenye miti ya zizi. Alilipiga kwa mti hadi likarudi nyuma. Marehemu alifariki njiani, kabla ya kufika hospitali. Hadi leo nyumbani mwake watu wanazungumza kana kwamba anatarajiwa kuingia mlangoni. Sahani yake ilipakuliwa jana kwa kusahau.

Familia haikutaka kuficha jambo hili mbele ya jeneza. Kama lingemtokea mtu mwingine, yeye asingelificha. Kumpenda baba si kosa. Lakini ng'ombe hajui kwamba yeye ni ukumbusho wa mtu.

Marehemu ameacha mume, Mathieu, watoto, Nicolas, Ketsia na Elisabeth, wajukuu wawili, mdogo wake, Anaclet, na wafugaji wengi waliomwita Mwalimu. Bwana ampokee, na ampe pumziko ambalo hapa duniani hakulipata.

Alikuwa na umri wa miaka hamsini na miwili. Alivunja kanuni yake mara moja, kwa miezi miwili, na ilimgharimu uhai.