Jirani Haulizwi Tena

ROWENA: Haloo? Nani mwenzangu?

WILFRED: Mimi, baba yako.

ROWENA: Shikamoo, Baba. Namba hii ya nani?

WILFRED: Marahaba. Ya Enid, jirani. Yangu imezama kwenye ndoo ya maziwa, usicheke. Nimepanda mpaka kwenye lango la malisho ndiyo nimepata mtandao. [mkwaruzo] Umeshafika mahakamani?

ROWENA: Niko nje hapa, kwenye ngazi. Fanya haraka, wakifungua tu wanachukua simu zetu.

WILFRED: Umekula?

ROWENA: Nimekunywa chai.

WILFRED: Chai siyo chakula! Wale wazee wa baraza wa London ya kale, waamuzi wa kesi kama wewe, walinyimwa kwa nguvu, wewe unajinyima mwenyewe?

ROWENA: Umeanza.

WILFRED: Si ndiyo hao wamekuweka hapo? Jaji kawafungia bila mkate, bila maji, bila moto, ili wamtie mhubiri hatiani. Wakagoma. Wakatupwa jela wao wenyewe! Leo hakuna jaji wa kukugusa kwa ulivyoamua.

ROWENA: Baba, wenzangu walisimuliwa habari za sungura. Mimi ulinilaza kwa hiyo.

WILFRED: Na ulilala vizuri. Mnamaliza leo?

ROWENA: Unajua siruhusiwi kusema.

WILFRED: Sijauliza mmeamuaje. Enid alikuwa kwenye viti vya wasikilizaji jana. Anasema jioni mkiondoka jaji kawaambia sasa hatadai wote kumi na wawili, hata kumi wakikubaliana inatosha.

ROWENA: Hilo alilisema mbele ya watu wote.

WILFRED: Kwa hiyo mmoja akiwa peke yake hana —

ROWENA: Baba.

WILFRED: Nimenyamaza. [upepo] Ni wewe, siyo? Uliyebaki peke yako.

ROWENA: Sijasema kitu.

WILFRED: Ndiyo maana nimejua. Enid anasema umekonda, macho yamekuvimba. Nikasema hapana, ngoja nimsaidie mwanangu. Huyu kijana Dale —

ROWENA: Usimtaje.

WILFRED: Anayedaiwa kuchoma ghala la —

ROWENA: Baba, niliapa! Naamua kwa niliyosikia mle ndani, basi. Siku ya kwanza waliniuliza kama namfahamu, nikasema hapana.

WILFRED: Humfahamu wewe. Mimi tangu nihamie huku namwona. Alipokuwa mvulana alitia moto —

ROWENA: Usiniambie!

WILFRED: — marobota ya nyasi ya mume wa Enid. Tukayamaliza hapa hapa na mama yake, polisi hawakuitwa. [mkwaruzo] Haloo? Rowena? Mtandao umekata?

ROWENA: Haujakata.

WILFRED: Umesikia?

ROWENA: Nimesikia, Baba. Nimesikia.

WILFRED: Sasa mbona sauti hiyo? Enzi za wafalme ndivyo ilivyokuwa! Waliitwa majirani kumi na wawili kwa sababu wao wanajua. Ng'ombe wa nani kaibiwa, nani mkorofi. Nilifundisha darasani miaka yote.

ROWENA: Si ulifundisha pia kwamba mtu akichukiwa kijijini alikuwa amekwisha?

WILFRED: Nilifundisha.

ROWENA: Sisi tunaitwa kwa sababu hatujui. Hicho tu ndicho nilichokuwa nacho, Baba. Kutojua kwangu. Jana nilikuwa naangalia mikono yake, naona mikono. Leo nitaangalia nini? Nitaona kiberiti.

WILFRED: Basi sahau.

ROWENA: Nisahau vipi?

WILFRED: Nyamaza tu. Nani atajua?

ROWENA: Mimi.

WILFRED: Hebu fikiri. Ukisema, si wanaweza kulivunja jopo lote? Kijana anarudi rumande, anasubiri watu wapya, miezi na miezi —

ROWENA: Unadhani sijui? Mama yake anakaa pale kila siku, mkate wake wa jibini uko mapajani, haumegi. Anatutazama mmoja mmoja. Nikisema, namrudisha mwanawe ndani. Nisiposema...

WILFRED: Nini?

ROWENA: Nisiposema, nitanyoosha mkono na sitajua ni mimi ninayeamua au ni wewe.

WILFRED: [upepo] Na watataka kujua nani kakuambia.

ROWENA: Watataka.

WILFRED: Mwalimu mzima.

ROWENA: Kwa nini hukuniacha, Baba?

WILFRED: Nilikuona uko peke yako kati ya watu kumi na wawili. Nikaogopa.

ROWENA: Ungeniacha na woga wangu.

WILFRED: [upepo unagonga lango]

ROWENA: Baba? Karani yule anafungua mlango. Nitamwambia yeye kabla sijakaa na wenzangu. Simwambii mwingine.

WILFRED: Rowena, ngoja. Ukinitaja —

ROWENA: Sitakutaja kwa ubaya.

WILFRED: Hapana, nisikilize! [mkwaruzo] Waambie ulinikataza. Ulinikataza, nikaendelea. Usinipambe, nasema. Usije ukasema ilinitoka kwa bahati mbaya.

ROWENA: Baba...

WILFRED: Basi la saa nne linapita hapa chini. Nitakuja nikae kwenye benchi la nje ya mahakama. Wakinihitaji waniite.

ROWENA: Vaa koti. Huku mvua inanyesha.

WILFRED: Na huyo kijana, wengine watapatikana?

ROWENA: Watapatikana. Nchi hii ina watu.

WILFRED: Watafutwe mbali na mimi.

ROWENA: [anacheka kidogo, anapenga kamasi] Mbali sana. Haya, ananinyooshea sanduku la simu. Lazima niende —

WILFRED: Mwanangu, nong'ona tu, mimi ni baba yako. Wewe ulikuwa umeona hana —

ROWENA: Hata nikizeeka sikuambii, Baba. Kwaheri, naizima.