Ini Letu Linasema Asante, na Lina Ombi

Mgeni rasmi, Mganga Mkuu wetu, pamoja na madaktari, wauguzi na jamaa zetu mliojaa mpaka madirishani:

Karibu sana! Tuna furaha hata viti havikaliki. Leo unatufungulia maabara, na damu zetu zitapimwa hapa hapa, bila safari ya kutwa nzima.

Risala hii inasomwa na mwenzetu, fundi cherehani. Sehemu inayomhusu tumeiandika sisi, naye ameapa hataruka mstari.

TULIKOTOKA

Macho yetu yalipogeuka manjano, majirani walitoa hukumu: "Pombe hiyo!" Mgeni rasmi, wengine wetu hatujawahi hata kunusa chupa. Ugonjwa wetu unatokana na kinga ya mwili, askari wanaomgeukia mwenye nyumba na kulishambulia ini lake. Hauambukizi, wala si mkono wa mtu. Vidonge huwatuliza askari hao, lakini haviachwi ghafla.

KOSA LETU

Fundi alishona gauni la harusi la mdogo wake, na lake mwenyewe la kuvaa siku hiyo. Vidonge vikamnenepesha, zipu ikagoma kupanda. "Si nimeshapona jamani? Vya nini tena?" Akaviacha kimyakimya, daktari asijue. Siku ya harusi alikuwa wodini, manjano kuliko mwanzo, na bibi harusi akaja kitandani na shela lake, analia. Majuto ni mjukuu, na wa fundi alizaliwa mapema.

TULIPOFIKA

Tangu hapo tunapigiana simu kila asubuhi.

"Umemeza?"

"Nimemeza, mama mkwe!"

Mwaka huu hakuna aliyeacha dawa kwa hiari yake. Mwezi uliopita majibu ya fundi yalirudi safi kabisa, tukapiga vigelegele mpaka muuguzi akatutoa nje.

OMBI

Ni moja tu. Mara tatu mwaka huu tumeambiwa kwenye dirisha la dawa, "Zimekwisha, rudini wiki ijayo." Tukaazimana vidonge vilivyobaki. Mashine mpya ya maabara itatuonyesha ini linavyoumia, lakini vidonge ndivyo vinavyolizuia lisiumie. Tunakuomba visikatike.

Jana dirisha liliishiwa tena, na safari hii hakuna wa kumwazima mwenzake. Fundi anayekusomea hapa, anayeonekana amepona na kunawiri hivi, amebakiwa na vidonge vya siku nne.

Mungu akujalie afya, wewe na wote wa nyumbani kwako.

Ni sisi, watu ishirini na watatu wa Kikundi cha Ini Letu.