Aliyepanga Viti

Ndugu na majirani, mimi ni dada mkubwa wa marehemu, na ndimi niliyepewa kazi ya kuwasomea maisha yake.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1984, kitinda mimba wa baba fundi bomba na mama muuza vitambaa. Shule ya msingi aliimaliza mwaka 1998. Hesabu zilimpiga chenga, lakini kwa kuchekesha darasa zima hakuwa na mpinzani.

Alipokuwa na miaka tisa, mama yetu alifariki. Siku ya maziko mdogo wangu hakulia. Alishinda akipanga viti vya wageni, mstari kwa mstari, na kila aliyeketi alimsifu: "Huyu ndiye mwanamume!" Hata mimi nilimsifu. Nilikuwa na miaka kumi na sita, nikashukuru kwamba angalau mmoja wetu hasumbui. Mungu anisamehe. Tangu hapo, kila jambo lilipomuuma alitafuta viti vya kupanga. Tukambandika jina la Mwenyekiti, tukacheka.

Ukubwani akawa fundi makochi. Kochi lililotoka mikononi mwake, ukishalikalia, kunyanyuka ni kazi. Wifi yangu, mshona mapazia, alimpelekea kochi la mama yake, akaambiwa arudi Ijumaa. Alirudi Ijumaa nne! "Kumbe lilikuwa tayari tangu ile ya kwanza," husema mpaka leo. Walifunga ndoa tarehe 8 Agosti 2009, na Februari 2011 wakajaliwa binti.

Mwaka 2015 mtoto wao wa pili alifariki siku aliyozaliwa. Kesho yake marehemu alikuwa karakana, anapigilia misumari. Tukasema, "Kajikaza kweli." Mwenzake wa kazini akampa unga, ule wa kulevya. Baadaye aliniambia, "Dada, siku ile ni kama mtu alinipokea mzigo. Wala sikujua kama nilikuwa nimebeba."

Baba Mdogo ameniomba niandike kwamba aliugua kwa muda mfupi. Samahani, Baba Mdogo. Aliugua tangu ana miaka tisa, na sisi tuliziona dalili tukazipigia makofi. Alipoanza kuuza vitu vya ndani tulibadilisha kufuli, tukaacha kumwita kwenye shughuli zetu. Ni kweli alituibia. Ni kweli pia kwamba sisi tulipomfungia mlango, alibaki na wale waliomfungulia. Kwa miaka miwili alikwenda kliniki kila asubuhi kunywa dawa ya kumsaidia kuacha, akanenepa, akaanza tena utani wake. Kisha mwajiri akazisikia habari zake, akamwachisha kazi. Akarudia unga, na ukamuua Jumanne, tarehe 3 Juni 2025, akiwa na miaka arobaini na moja. Nilimpenda sana, na sikuwahi kumuuliza kilichomuuma.

Ameacha baba, mjane, binti mmoja, kaka mmoja, na mimi.

Binti yake ana miaka kumi na minne. Viti mlivyokalia amevipanga yeye tangu asubuhi, na nimewasikia mkimsifu. Tafadhalini, acheni.

Mwanangu, hicho kiti ulichokishika kiweke chini. Njoo hapa kwa shangazi yako, ulie mpaka utosheke.

Na wewe, mdogo wangu, pumzika kwa amani. Viti vinatosha.